Novemba ya Tabora haisomeki kwa wastani

Kila mwaka Novemba ikiisha husikika sentensi ileile, redioni na kwenye vikao vya wilaya: mkoa umepata mvua za wastani. Ikishatamkwa, kikao kinahamia ajenda nyingine. Aliyepanda mahindi mara moja na aliyerudia mara mbili wametiwa kapu moja. Mtu wa Igunga, mashariki ya mkoa, anayetazama mawingu yakimpita amehesabiwa pamoja na mtu wa Kaliua, magharibi, ambaye palizi ya kwanza inamsubiri. Sentensi yenyewe si ya uongo, na ndiyo maana inaudhi: hakuna pa kuikamata.

Nina neno moja tu la kusema kuhusu mwezi huu. Novemba ni mwezi wa tarehe, siyo mwezi wa jumla. Anayetaka kujua umetufanyia nini aulize mvua ilinyesha siku zipi, ilikatika siku ngapi mfululizo, na ilidondokea wapi. Akiuliza milimita ngapi kwa mwezi, atapewa jibu sahihi lisilomsaidia.

Tuanze na hilo neno wastani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikisema mvua za wastani inakusudia kiasi kilicho kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo husika. Chini ya hapo ni chini ya wastani, juu ya hapo ni juu ya wastani. Wameliandika wazi na hawamfichi mtu. Sasa shika kalamu. Tabora mjini hupata kama milimita 950 kwa mwaka, na karibu zote hushuka ndani ya msimu wetu mmoja, Novemba hadi Aprili. Asilimia 75 ya hizo ni milimita 712. Asilimia 125 ni 1,187. Msimu wa milimita 712 ni wa mtama na alizeti, na mwenye mahindi ya muda mrefu analala macho wazi. Msimu wa 1,187 majaluba ya mpunga yanafurika, maharage yanaoza yakiwa bado mabichi na mbolea inazama chini ya mizizi. Misimu yote miwili ina jina moja, wastani, na wanaoishi ndani yake hawali chakula kimoja.

Kuna jambo la pili, dogo la kihesabu, ambalo sijasikia likielezwa redioni. Mvua ya mwezi mmoja haiwezi kushuka chini ya sifuri, lakini inaweza kupanda itakavyo. Novemba mbili tatu zilizovimba ndani ya miaka 30 zinatosha kuuvuta wastani juu, na matokeo yake miaka mingi huangukia chini ya wastani bila mwaka wowote kuwa wa ajabu. Ukipanga Novemba zote za 1991 hadi 2020, kuanzia iliyo kavu kabisa hadi iliyolowa kabisa, kisha ukachukua ile ya katikati, utapata picha ya Novemba ya kawaida iliyo ya haki zaidi. Mkulima wa miaka 60 anayekwambia kwamba mvua zimepungua kuliko zile za redioni huenda hazeeki vibaya. Anaikumbuka Novemba ya katikati, na redio inamsomea wastani.

Sasa joto, kwa sababu Novemba ya Tabora huanzia Oktoba.

Tabora iko nyuzi tano kusini mwa Ikweta. Jua linaposhuka kuelekea kusini hupita juu ya utosi wetu katika wiki ya kwanza ya Oktoba. Wakati huo mbingu bado ni nyeupe, mashamba yamefyekwa na kuchomwa, na udongo hauna hata unyevu wa kulamba. Nguvu yote ya jua inaishia kuchemsha ardhi na hewa iliyo juu yake. Mchana wa Oktoba hufika nyuzi joto 32 kwa wastani, na zipo siku zinazopita hapo. Miombo ndiyo pekee isiyojali: huchipua majani mapya, mekundu, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza, kwa maji ambayo mizizi yake imeyahifadhi tangu msimu uliopita.

Jua hilohilo hurudi juu ya utosi wetu mwanzoni mwa wiki ya pili ya Machi. Lakini Machi mchana ni baridi kuliko Oktoba kwa nyuzi tatu hivi. Hapo yapo mawingu, na upo udongo uliolowa ambao unalitumia joto kuvukiza maji badala ya kupandisha kipimajoto. Kwa hiyo joto la Oktoba si kazi ya jua peke yake. Jua limekuja na maji hayajafika.

Hii inatuambia kitu kuhusu Novemba ambacho wastani wa joto la mwezi hauwezi kukionyesha. Nusu ya kwanza ya mwezi mara nyingi bado ni Oktoba: vumbi, shuka linatupwa pembeni usiku, watu wanahamishia viti chini ya mwembe saa sita mchana. Mvua ya maana ikishashuka, joto la mchana linaporomoka ndani ya siku mbili, na nusu ya pili inafanana na Desemba. Jumlisha nusu mbili ugawanye, utapata mwezi ambao hakuna mtu aliyeuishi. Kinachofaa ni siku lile joto lilipovunjika, na siku hiyo ipo kwenye daftari la kituo, imeandikwa mstari mmoja kama siku nyingine zote. Haitangazwi tu.

Na tukiwa kwenye joto, niseme hili la usiku, japo ni la pembeni kidogo. Vituo hupima joto la juu kabisa la mchana na la chini kabisa la usiku, kisha wastani wa siku ni hivyo viwili kugawanya kwa mbili. Katika Tanzania usiku wenye joto umekuwa ukiongezeka kwa miongo kadhaa sasa. Mchana ukibaki palepale na usiku ukipanda, wastani unapanda kidogo tu na anayesoma anaona hakuna jambo. Lakini mmea usiopata ubaridi wa usiku unatumia chakula chake chenyewe kupumua, na mtoto ndani ya nyumba ya bati halali. Dunia kwa ujumla iliufanya mwaka 2024 kuwa wa joto zaidi tangu vipimo vianze, nyuzi 1.55 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda kwa hesabu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Sisi wa bara hatukuuhisi mwaka ule kwa mchana mmoja wa kutisha, tuliuhisi kwa usiku.

Turudi kwenye maji. Mvua zetu huletwa na kile ambacho wataalamu wanakiita ukanda mvua, mahali ambapo pepo za kaskazini na za kusini mwa dunia hukutana na kulazimika kupanda juu. Ukanda huu hulifuata jua likielekea kusini, lakini huchelewa nyuma yake kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu jua linatupiga Oktoba na mvua inatupata Novemba. Wakati huohuo upepo mkavu wa kusini mashariki unalegea, na hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo inapata njia ya kuingia. Upepo wa magharibi ukivuma siku kadhaa mfululizo, huku kwetu mvua inachanganya.

Nani anaufungulia mlango upepo huo, na kwa nini unafungwa tena? Sehemu ya jibu ni wimbi kubwa la hewa linaloizunguka dunia kupitia Ikweta, lililoelezwa mwaka 1971 na Madden na Julian, wanasayansi wa Marekani. Mzunguko wake mmoja huchukua kama siku 30 hadi 60. Upande wake wa mvua ukiwa juu yetu au karibu nasi, mvua zinafululiza. Ukipita, mbingu zinafunguka na jua linarudi kama Oktoba. Tazama basi hatari ya kalenda. Mwezi wa siku 30 unaweza kuangukia wote kwenye upande wa mvua wa wimbi, au nusu kwa nusu, au wote kwenye upande mkavu. Hakuna kitu chochote angani kinachojua kwamba tarehe 1 Novemba imefika. Mipaka ya mwezi tumeiweka sisi, kisha tunashangaa kwamba mvua haiheshimu.

Halafu kuna suala la wapi. Mvua za mwanzo wa msimu hazifanani na zile za Machi zinazofunika wilaya nzima kutwa. Ni mawingu mazito ya alasiri, yaliyojengwa na joto la siku hiyohiyo, upana wake kilomita chache. Yanamimina kwa dakika 40 yanaisha. Mitaro ya Cheyo inafurika, Ipuli watu wanafagia vumbi. Kila aliyekaa mji huu amewahi kupanda bodaboda akiwa mkavu na kushuka amelowa chapachapa, au kinyume chake. Sasa mkoa wa Tabora una kilomita za mraba zaidi ya 76,000. Ziunganishe Rwanda na Burundi, bado sisi ni wakubwa. Kipimo cha mvua ni kopo ambalo mdomo wake hauzidi sahani ya kikombe cha chai. Kopo lililoko uwanja wa ndege likisema milimita 104, limesema ukweli kuhusu uwanja wa ndege.

Mashariki ya mkoa, Igunga na mbuga za Wembere, mwaka mzima hupata kama milimita 700. Magharibi, Kaliua, hufika 1,000. Tofauti hiyo ni ya kudumu, haitokani na mwaka mbaya, na bado tunazungumza kama mkoa.

Nichukue vijiji viwili vya kubuni, kila kimoja kimepata milimita 100 mwezi Novemba, ambazo kwa Tabora ndizo za kawaida. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Ekari moja iliyopata milimita 100 imepokea zaidi ya lita 400,000, ambazo ni madumu ya lita 20 zaidi ya 20,000. Hakuna mtu atakayesema maji hayo ni kidogo.

Kijiji cha kwanza kilipata mvua siku 12, milimita nane, tano, kumi na moja, na mapumziko yasiyozidi siku nne. Kijiji cha pili kilipigwa na radi na mvua ya milimita 62 alasiri moja, tarehe 6, kesho yake kikaongezewa 8. Kisha kukakauka siku 19, na tarehe 27 zikashuka 30. Jumla mia, sawasawa.

Kwenye kijiji cha kwanza mahindi yako juu ya kifundo cha mguu. Kwenye cha pili mambo ni haya. Zile milimita 62 zilikuja kwa kasi ambayo ardhi iliyopigwa na jua miezi sita haiwezi kuimeza. Sehemu yake ilikimbilia mbugani na kwenye barabara. Kilichoingia, kwenye udongo wetu wa kichanga, kila milimita 25 hulowesha kama sentimita 25 kwenda chini. Watu walifurahi, kumbikumbi walitoka, watoto wakawakimbiza chini ya taa, na kesho yake kila jembe lilikuwa shambani. Mbegu zikaota siku ya sita au ya saba. Wakati huo jua la Novemba linaweza kuvuta milimita tano hadi sita kwa siku kutoka kwenye ardhi na mimea. Mche wenye majani matatu una mizizi mifupi isiyoweza kufuata maji yanayorudi chini. Ikifika tarehe 20 majani yanajikunja kama sigara saa nne asubuhi. Mvua ya tarehe 27 ilikuta shamba la kurudishia.

Huyu wa pili amekula hasara ya mbegu, ya kibarua na ya muda. Mbegu chotara haiokolewi kwenye ghala la nyumbani, inanunuliwa upya. Mbolea ya kupandia aliyoiweka mara ya kwanza haijulikani iko wapi. Na mahindi atakayopanda mwanzoni mwa Desemba ndiyo viwavijeshi vamizi wanayoyapenda, kwa sababu ni machanga wakati wadudu wameshazaliana kwenye mashamba ya wenzake. Tangu mdudu huyo aingie nchini mwaka 2017, kuchelewa kupanda kumekuwa na bei nyingine kabisa. Bwana takwimu ataandika: Novemba, milimita 100, wastani.

Wataalamu wa ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kilichoko Kenya, wana njia ya kuliona hili. Kwao msimu haujaanza mpaka zishuke milimita 20 ndani ya siku tatu, na baada ya hapo, katika siku 21 zinazofuata, pasiwe na ukavu wa zaidi ya siku saba mfululizo. Kwa kipimo hicho kijiji cha pili hakikuanza msimu tarehe 6. Kilidanganywa. Lakini angalia shida iliyomo: ili ujue tarehe 6 ilikuwa ya uongo, unahitaji kuwa umefika tarehe 14 au 15. Mkulima anaamua tarehe 7.

Basi anatumia nini? Nilikuwa upande wa Sikonge wakati bwana shamba kijana, mwenye nia njema na pikipiki ya serikali, akihimiza upandaji. Alikuwa akizungumza na mzee aliyesimama pembeni mwa shamba lake bila dalili ya kuharakisha.

"Mzee wangu, mvua si imenyesha juzi? Wenzako wote wanapanda."

"Imenyesha, baba. Chimba uone."

Jembe la kwanza likatoa udongo wa kahawia uliolowa. La pili, palepale, likagonga mchanga mkavu unaomeremeta. Ulikuwa umelowa kiganja kimoja, haukuzidi. Mzee hakusema kitu tena. Alisubiri mvua ya pili kubwa, akapanda. Sisemi kila anayesubiri hushinda. Yapo mavuno ya kupandia vumbi, na msimu ukianza vizuri aliyepanda kavu huwa mbele ya wote. Ninachosema ni kwamba yule mzee alikuwa na kipimo cha shamba lake, na bwana shamba alikuwa na kipimo cha mkoa.

Tumbaku ndiyo inayoionyesha Novemba kwa ukatili zaidi. Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui miche hutoka kwenye vitalu vilivyosiwa tangu Agosti na Septemba, vikinyweshwa kwa ndoo. Mche ukishakomaa hausubiri. Ukikaa kitaluni unarefuka shingo na kuwa dhaifu. Kwa hiyo mwenye tumbaku ana dirisha dogo la kuhamishia shambani, na dirisha hilo liko hasa Novemba na mwanzo wa Desemba. Mbolea na viatilifu amekopa kupitia chama cha msingi cha ushirika, na deni halina habari za ukavu. Akihamisha miche tarehe 7 kwa imani ya mvua ya tarehe 6, anaanza kubeba maji kichwani. Na jani likishatanuka huja tishio jingine, mvua ya mawe, inayozaliwa na mawingu haya haya marefu ya alasiri. Dakika kumi za mawe hutoboa jani ambalo bei yake inategemea uzima wake. Kwenye rekodi ya mwezi ile ni mvua ya milimita 15, nzuri tu.

Panda treni uelekee magharibi, kilomita zaidi ya 400 hadi Kigoma, utaona kwamba hata hili jina la "kanda ya magharibi" linabeba mengi mno. TMA yenyewe imeshaugawa mkoa wa Kigoma: wilaya za Kakonko na Kibondo huwekwa pamoja na ukanda wa Ziwa Victoria, zikatabiriwa kwa vuli na masika, wakati wilaya nyingine za mkoa zinafuata msimu mmoja kama sisi. Mkoa mmoja, taarifa mbili, miezi tofauti. Mtu wa Kibondo anayesikiliza utabiri wa msimu uliotolewa mwishoni mwa Oktoba na kudhani ni wake amechelewa. Wake ulisomwa kabla, kwenye vuli.

Joto nalo lina kisa chake huko. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora kama 1,200. Kwa kawaida ukishuka mita 400 na ushei unategemea nyuzi mbili au tatu zaidi za joto. Lakini mchana wa Oktoba Kigoma mjini kwa kawaida hauipiti Tabora. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 halibabaishwi na jua la mwezi mmoja. Linaipoza pwani yake mchana na kuipa joto usiku, na linatoa unyevu unaopanda kwenye milima iliyo nyuma ya mji. Ndiyo sababu moja ya mvua za Kigoma kutangulia: Oktoba wao wameshaonja, na Novemba yao ni nono kuliko yetu.

Na ukitaka kuona kitu kisichojali miezi kabisa, simama mwaloni Kibirizi, hapo Kigoma. Novemba, wakati mvua zimeanza, ziwa liko karibu na kina chake cha chini kwa mwaka. Hupanda taratibu mpaka Aprili na Mei. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwa mvuke, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo. Mwaka 2021, na tena 2024, lilipanda hadi kuingia majumbani Bujumbura na kuzisumbua pwani zetu. Hakuna Novemba moja iliyofanya kazi hiyo. Ilikuwa ni misimu iliyorundikana, ukiwemo ule wa mwisho wa 2019 ulioizamisha Afrika Mashariki. Ziwa hilihili miaka ya 1870 lilipanda kwa sababu Lukuga ilikuwa imezibwa na matope na magugu, na kizuizi kilipozibuka mwishoni mwa muongo huo likaanza kushuka kwa miaka. Mnara wa Ujiji, pale wanapokumbukwa Livingstone na Stanley waliokutana 1871, leo uko mbali na maji.

El Niño nitaipitia haraka, kwa kuwa imesemwa kupita kiasi. Mwaka 2023 ilipotangazwa, watu wa Tabora waliogopa kama watu wa pwani. El Niño kwa kawaida huongeza mvua kaskazini na pwani ya Afrika Mashariki na kuzipunguza huko Zambia na kusini zaidi. Sisi tuko kati ya hizo pande mbili na ishara yake kwetu ni hafifu. Maafa makubwa ya msimu ule nchini, yale ya maporomoko ya tope Hanang, mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua zaidi ya watu 80, yalikuwa ya saa chache kwenye mlima mmoja. Wastani wa mwezi wa Manyara usingeyatabiri wala kuyaeleza.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani naipiga mawe TMA. Wao hutoa taarifa ya kilimo ya kila siku kumi, ambayo inakata mwezi vipande vitatu na tayari ni bora mara tatu. Hutoa utabiri wa msimu wenye tarehe za kuanza kwa mvua, kwa wiki, siyo kwa mwezi. Rada ya hali ya hewa imefungwa Kigoma, na rada inaona kile ambacho kopo haliwezi: wingu la kilomita chache likitembea kati ya Urambo na Kaliua. Kinachoharibika huharibika njiani. Taarifa ya kurasa nyingi inafika mkoani, inafupishwa kuwa ukurasa mmoja, inafika wilayani ikiwa aya, na kijijini inafika ikiwa neno moja: wastani. Kisha kiongozi anaongeza la kwake, "wananchi walime mazao yanayostahimili ukame", ambalo husemwa kila mwaka, uwe wa mvua au wa jua.

Kama ningekuwa na sauti kwenye halmashauri ningeomba vitu viwili, vyote vya bei ndogo. Cha kwanza, taarifa ya Novemba ya kila wilaya itaje siku mvua iliponyesha, ukavu mrefu kuliko wote ulikuwa siku ngapi, na tarehe joto la mchana liliposhuka. Mistari mitatu. Jumla ya milimita iwekwe mwisho, kwa anayeitaka.

Cha pili ni makopo ya kupimia, moja kwa kila kata angalau, ya plastiki. Wazo hili si geni na mara nyingi limepelekwa shuleni: wanafunzi wasome kipimo, wajifunze. Ni zuri mpaka ufike mwisho wa mwaka. Shule zinafungwa Desemba, mwezi wa mvua nyingi kuliko yote kwetu, na kopo linajaa, linamwagika, linakauka bila mtu. Januari daftari linaanza upya likiwa na pengo mahali panapotakiwa zaidi.

Mimi ningeyapeleka zahanati. Zahanati haina likizo ya Desemba. Kipimo cha mvua husomwa saa 3 asubuhi kila siku, ambayo ndiyo saa foleni ya wagonjwa imeshapangwa na muuguzi ameshafungua daftari. Kusoma ni dakika mbili, namba inakwenda kwa ujumbe wa simu kwa afisa ugani wa kata, naye anaibandika kwenye ubao wa chama cha msingi ambapo watu wanafuata mbolea. Ningeanzia Igunga, kata za kandokando ya Wembere, kwa sababu huko ndiko mawingu yanakopita bila kushuka na hakuna daftari linalosema hivyo.